Somo la Kumi na Mbili: Meno ya Mama Mjamzito



Umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kusoma ni kama jembe. Jembe likiachwa ukutani hupata kutu. Likipelekwa shambani huleta chakula. Leo tutatumia kusoma kwetu kulinda afya ya mama mjamzito, na hasa afya ya kinywa chake.

Somo hili si la akina mama peke yao. Ni la baba pia. Ni la bibi, mama mkwe na jirani. Utaona sababu yake mbele.

Kabla ya kusoma, zungumzeni

1. Katika kijiji chetu watu husema nini juu ya meno ya mama mjamzito?
2. Mama mjamzito akiumwa jino, humwambia nani kwanza?
3. Nani huamua kama aende hospitali au asiende?

Mama aliyeacha kuja darasani

Katika darasa letu la Rugu alikuwako mama mmoja hodari. Alikuwa na watoto wawili, na mimba ya tatu ilikuwa na miezi mitano. Alikuwa akija darasani kila alasiri akitoka shambani. Alikuwa wa kwanza kusoma ubao.

Wiki moja hakuja. Wiki ya pili hakuja. Tukadhani amezidiwa na kazi, kwa maana ulikuwa wakati wa kupalilia maharage. Wiki ya tatu wenzake wawili wakaenda kumtazama. Walimkuta amekaa jikoni, amejifunga kitambaa shavuni. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

Jino lilianza kumuuma mwezi uliopita. Alimwambia mama mkwe wake. Mama mkwe akamjibu, "Vumilia, mwanangu. Kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Na jino haling'olewi mtu akiwa na mimba. Damu itakwisha na mimba itatoka."

Alimwambia jirani yake. Jirani akamletea ugoro aweke kwenye tundu la jino. Maumivu yakapungua kidogo, kisha yakarudi kwa nguvu.

Alimwambia mumewe. Mume akasema, "Kahawa bado iko mtini. Tukiuza tutakwenda."

Basi mama yule akanyamaza. Hakuweza kutafuna maharage wala mboga. Alikunywa chai yenye sukari nyingi na uji mwepesi. Usiku hakulala. Mchana alishika jembe kama kawaida. Akaanza kukonda, na mtoto aliye tumboni alikuwa akitegemea chakula hicho hicho.

Wenzake hawakubishana na mama mkwe. Walimwomba jambo moja tu. Walisema, "Mama, wewe ni mkubwa wetu. Twende pamoja zahanati, ukamsikie muuguzi kwa masikio yako mwenyewe." Mama mkwe akakubali.

Muuguzi alimtazama mgonjwa, akampima joto. Alikuwa na homa. Akasema, "Huyu asingojee kujifungua. Asingojee hata kesho. Usaha uliomo kwenye jino ndio hatari kwa mama na mtoto. Kung'oa si hatari kama tabibu anajua kwamba mama ana mimba."

Siku ile ile walikwenda hospitali. Mume aliazima fedha kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mama alitibiwa, jino likang'olewa. Mimba haikutoka. Baada ya wiki mbili alirudi darasani. Miezi minne baadaye alijifungua mtoto wa kike.

Mama mkwe alisema maneno haya mbele ya darasa: "Mimi sikumtakia mabaya. Nilimwambia nilichoambiwa na mama yangu."

Ndugu msomaji, maneno hayo ni ya kweli. Wazee wetu hawakutudanganya kwa makusudi. Walitufundisha walichokijua. Sisi tunaojua kusoma tuna wajibu wa kuongeza tulichokipata.

Kwa nini fizi hutoka damu wakati wa mimba?

Kila siku meno hufunikwa na utando laini unaoitwa ukoga. Ukipitisha ukucha kwenye jino asubuhi utauona. Ndani ya ukoga wamo vidudu vingi sana, wadogo hata macho hayawaoni. Ukoga usipoondolewa, fizi huvimba na kuwa nyekundu. Baada ya muda ukoga huwa mgumu kama jiwe, wala mswaki hauwezi tena kuutoa.

Mwanamke akipata mimba, mwili wake hutengeneza kwa wingi vichocheo vya kulea mimba. Vichocheo hivyo hufanya fizi ziwe na damu nyingi na ziwe laini. Kwa hiyo ukoga mdogo tu, ambao zamani haukumsumbua, sasa huzivimbisha. Mara nyingi jambo hili huanza mwezi wa pili au wa tatu, na huzidi mpaka kufikia mwezi wa nane.

Baadhi ya wanawake huota kinyama chekundu kwenye ufizi. Wengi huogopa wakidhani ni saratani. Kwa kawaida kinyama hiki si saratani, na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Lakini mwonyeshe tabibu ili ahakikishe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona damu, huacha kupiga mswaki. Ukoga huongezeka, fizi huvimba zaidi, na damu huzidi. Damu ya fizi haikuambii uache mswaki. Inakuambia usafishe vizuri zaidi, kwa upole, kwa mswaki laini.

Je, mtoto hula meno ya mama yake?

Hapana. Mtoto aliye tumboni huanza kujenga vichipukizi vya meno mapema, kama wiki ya sita hadi ya nane ya mimba. Huhitaji madini ya chokaa ili kujenga mifupa na meno. Madini hayo huyapata katika chakula cha mama. Chakula kikipungua, mwili wa mama hutoa akiba iliyo katika mifupa, si katika meno.

Basi kwa nini wanawake wengi hupoteza jino kwa kila mimba? Ziko sababu tatu ambazo tunaweza kuzizuia.

Sababu ya kwanza ni kutapika. Matapishi yana asidi kali inayotoka tumboni. Asidi hiyo hulainisha sehemu ya juu ya jino. Ukitapika, sukutua kwa maji safi, kisha teme. Usipige mswaki papo hapo. Subiri kiasi cha nusu saa hadi saa moja, jino lipate nguvu tena.

Sababu ya pili ni vitu vitamu. Mama akichukia chakula, hupenda chai ya sukari, soda, biskuti na miwa. Vidudu vya ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hutoboa jino. Ubaya hautokani na wingi wa sukari peke yake. Mara ngapi kwa siku ni jambo kubwa zaidi. Anayekunywa chai ya sukari pamoja na chakula ana nafuu kuliko anayeonja kitu kitamu kila baada ya saa moja.

Sababu ya tatu ni kula udongo. Wanawake wengi wajawazito huutamani. Udongo una chembe ngumu zinazosaga meno kama mawe ya kinu. Unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Tena huzuia mwili usipate madini ya chuma vizuri, na mama huweza kupungukiwa damu. Ukiona unautamani sana, usione haya. Mwambie muuguzi wa kliniki akupime damu.

Chakula kinachofaa

Mungu ametujalia ardhi nzuri hapa Karagwe na Kyerwa. Tuna ndizi, maharage, karanga, mboga za majani, maboga, maparachichi na mapapai. Maziwa yapo kwa wafugaji, na dagaa kutoka Ziwa Viktoria huuzwa minadani. Maziwa, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani huleta madini ya chokaa. Maharage, dagaa, nyama na mboga huongeza damu.

Ndizi peke yake hushibisha lakini haitoshi. Sufuria ya ndizi iwekwe maharage na mboga. Mama mjamzito asipewe makombo baada ya wengine kula. Apakuliwe sawa na wengine, na aongezewe.

Namna ya kusafisha kinywa

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Mara moja iwe usiku kabla ya kulala, baada ya kula kila kitu.
2. Tumia mswaki laini. Kila mtu awe na wake. Mswaki mmoja usitumiwe na nyumba nzima.
3. Weka dawa ya meno kidogo, kiasi cha punje ya njegere. Chagua yenye madini ya floridi, kwa sababu huimarisha jino. Tazama pakiti dukani. Neno hilo huandikwa FLUORIDE. Wewe unajua kusoma, litafute kabla ya kulipa.
4. Safisha nje, ndani na juu ya meno, pamoja na pale jino linapokutana na ufizi. Usiharakishe. Tumia muda wa dakika mbili.
5. Teme povu. Usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno.
6. Badili mswaki baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zake zikipinda.

Kama huna mswaki wa dukani, usiache kinywa kichafu. Chukua kijiti kibichi cha mti mliouzoea usio na sumu, kioshe, tafuna ncha mpaka iwe kama brashi, kisha sugua kwa upole. Usitumie mchanga wala mkaa uliosagwa. Huo mweupe unaouona ni jino linalokwanguliwa.

Kutibiwa jino wakati wa mimba

Mama mjamzito anaweza kusafishwa meno, kuzibwa jino na kung'olewa jino. Wakati ulio rahisi kwake ni mwezi wa nne hadi wa sita. Kichefuchefu huwa kimepungua, na tumbo halijawa zito. Lakini jino lenye usaha halingoji miezi. Hutibiwa wakati wowote.

Sindano ya ganzi inayotumiwa kwa kawaida haimdhuru mtoto. Katika miezi ya mwisho, mama akilazwa kwenye kiti ageuzwe kidogo upande wa kushoto, ili tumbo lisibane mshipa mkubwa wa damu.

Neno la kwanza la kumwambia tabibu ni hili: "Nina mimba ya miezi kadhaa." Usimfiche, hata kama mimba ni changa. Akijua, atachagua dawa zinazofaa.

Usinunue vidonge vya rangi rangi dukani kwa kubahatisha. Dawa iitwayo tetrasaiklini huweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumdhuru mtoto, hasa mimba ikizidi wiki ishirini. Muuguzi atakuambia dawa inayokufaa na kiasi chake. Tena usitie kwenye jino tindikali ya betri, petroli wala ugoro. Vitu hivyo huunguza kinywa na haviponyi.

Wataalamu wameona kwamba akina mama wenye ugonjwa mkubwa wa fizi huzaa watoto njiti au wenye uzito mdogo mara nyingi zaidi kuliko wengine. Haijathibitika kwamba kutibu fizi peke yake kunazuia jambo hilo. Lakini imethibitika kwamba matibabu ya fizi wakati wa mimba ni salama, na kwamba mama aliyepona hula vizuri na kulala vizuri.

Dalili za hatari

Mpeleke mama hospitali mara moja ukiona moja ya haya:

- Shavu, taya au shingo imevimba.
- Ana homa pamoja na maumivu ya jino.
- Hawezi kufungua kinywa vizuri.
- Anameza au kupumua kwa shida.
- Damu ya kinywa haikomi.

Usingoje gulio. Usingoje kahawa iuzwe.

Mzigo huu si wa mama peke yake

Hebu turudi kwa mama wa darasa letu. Ni nini kilichomchelewesha? Jino lilikuwa moja, lakini vizuizi vilikuwa vingi. Kulikuwa na hofu. Kulikuwa na mbali ya hospitali. Kulikuwa na kazi za shamba na za nyumbani. Fedha zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na ruhusa pia. Hata kama angejua yote yaliyoandikwa hapa, peke yake asingefika.

Kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake.

Baba: mke wako akiwa na mimba, muulize juu ya meno yake kama unavyomuuliza juu ya tumbo lake. Mpunguzie kazi ya kuchota maji na kubeba kuni. Nauli iwekwe mapema. Fuatana naye kliniki.

Mama mkwe na bibi: neno lako lina uzito nyumbani. Mkamwana wako hawezi kukuvuka. Nenda naye ukasikie mwenyewe.

Mama: kliniki ya wajawazito ianze mapema, kabla ya wiki kumi na mbili. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane. Muuguzi akikupima uzito na tumbo, usiondoke kimya. Fungua kinywa, sema, "Naomba utazame na fizi zangu." Wengi hawaulizwi, na wengi hawasemi.

Kijiji: ulizeni zahanati yenu ni wapi tabibu wa meno anapatikana, na siku gani. Wa Karagwe wanaifahamu hospitali ya Nyakahanga. Wilaya ya Kyerwa nayo ina vituo vyake tangu ilipotengwa na Karagwe. Kuuliza mapema huokoa nauli ya kwenda bure. Ulizeni pia gharama, na kama mna bima ya afya, ulizeni kama meno yamo.

Mtoto akizaliwa

Vidudu vinavyotoboa meno vinaweza kupita kwa mate kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Usimtafunie mtoto chakula, wala usilambe kijiko chake. Mama mwenye kinywa safi humwanzishia mtoto wake vizuri.

Jino la kwanza huota kiasi cha miezi sita. Mtoto akiwa na homa au akiharisha, wako watu watakaokuambia kwamba ana "meno ya plastiki", na kwamba yakatwe. Usikubali. Uvimbe ule kwenye ufizi ni jino lake la kawaida ambalo bado halijatoka. Akikatwa kwa kisu au waya huweza kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda au magonjwa mengine, hata kufa. Homa na kuharisha vina sababu nyingine, pengine malaria au maji machafu. Mpeleke zahanati.

Mfano wa zamani

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi vijijini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo kama hiki, wakajadiliana. Kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakuishia kusoma. Na sisi tusiishie kusoma.

Hesabu

Baba na mama wameamua kuweka shilingi 500 kila wiki kwa ajili ya nauli na matibabu. Wameanza mimba ikiwa na wiki 12. Wameendelea mpaka wiki ya 32.

1. Wameweka kwa wiki ngapi?
2. Wamepata shilingi ngapi?
3. Wangeweka shilingi 1,000 kila wiki, wangepata ngapi?

(Majibu: wiki 20, shilingi 10,000, shilingi 20,000.)

Maswali ya kujadili

1. Mama wa darasa letu alipewa mashauri matatu kabla ya kufika zahanati. Yataje. Lipi lilitolewa kwa upendo lakini likamdhuru?
2. Kwa nini wenzake hawakubishana na mama mkwe? Wewe ungefanya nini?
3. Fizi zikitoka damu, tuache mswaki au tuendelee? Kwa sababu gani?
4. Katika kikundi chenu, nani ataulizia siku za tabibu wa meno, na ataleta jibu lini?

Zoezi la kuandika

Chukua karatasi. Andika mambo matatu utakayomwambia muuguzi siku ya kliniki. Kama huna mimba, mwandikie dada yako, mke wako au mkamwana wako. Kunja karatasi hiyo, iweke ndani ya kadi ya kliniki.

Maneno mapya

*Ukoga*: utando laini wenye vidudu unaoshika kwenye meno.
*Ufizi (fizi)*: nyama inayoshika mzizi wa jino.
*Usaha*: maji mazito yanayotoka penye jipu au kidonda kilichooza.
*Ganzi*: hali ya kutosikia maumivu.

Ukimaliza somo hili, usilifungie kabatini. Leo jioni, kabla ya kulala, msomee mtu mmoja nyumbani sehemu inayosema "Dalili za hatari". Huenda ndiye atakayeihitaji kwanza.